Moto Ambao Fundi Hakuukataa

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu hawezi kukisoma. Anakielewa akiitwa kula, anakielewa zaidi akigombezwa, lakini kikishaandikwa kinamshinda, na yeye ndiye mtu pekee nyumbani anayefungua droo za watu. Kwa hiyo hapa niko salama. Naweza kusema kwamba mwaka huu, mwezi wa Juni, nilimdanganya Koko wangu, na sikumdanganya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitumia mdomo wa fundi.

Koko ni mama yake mama. Alitufikia huku Australia nikiwa na miaka tisa, akitokea kambini, na kabla ya kambi alikuwa mtu wa Bukavu. Nyumba yetu ya kupanga iko Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Tulipohamia tulikuta hita ya gesi sebuleni, imepachikwa ukutani mahali ambapo zamani palikuwa na meko: sanduku la rangi ya kahawia, wavu mbele, na nyuma ya wavu vigae vinavyowaka vyekundu. Unabonyeza kitufe, unakishikilia, inalia ta-ta-ta, unatokea mwali wa buluu, halafu vigae vinaanza kuiva polepole. Sisi wote tuliiita hita. Koko peke yake aliiita mbabula, kama lile jiko la makaa alilopikia maisha yake yote, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Watu wakisikia Sydney wanafikiri ni jua tu na bahari. Hawajawahi kuamka huku magharibi mwezi wa Julai, nyasi zimekuwa nyeupe na nyumba yenyewe kuta zake nyembamba kama boksi. Chumba changu kiko mwisho wa korido. Asubuhi za baridi nilikuwa naiona pumzi yangu nikiwa bado kitandani. Hita ilipasha sebule tu, kwa hiyo jioni zote za baridi watu wote tulikuwa sebuleni: mama na miguu yake juu ya stuli baada ya kushinda akiwahudumia wazee kazini, baba akijiandaa kwenda zamu ya ghala, mdogo wangu na simu, mimi na vitabu vyangu vya kidato cha tano magotini. Na Koko kwenye mto wake, chini, upande wa kushoto wa moto.

Jumatano ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumatano alasiri walikuja wamama wa maombi, watano au sita, wakakaa nusu duara mbele ya moto. Wakimaliza kuomba walimenya viazi, wakasuka, wakasengenya kidogo kwa jina la kuombeana. Nikitoka shule lazima nipite katikati yao niwasalimu mmoja mmoja, mkono kwa mkono.

"Huyu ana sauti kweli?" mmoja aliuliza siku moja.

"Anayo," Koko akajibu. "Anaiweka benki."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka ili yaishe. Lakini hayakuishia hapo, maana baada ya salamu zilitoka barua. Kila mmoja alikuwa na barua mkobani: ya serikali, ya shule, ya hospitali. "Mjukuu, hebu nisomee hii, wananitaka nini tena hawa?" Mimi ninayeogopa hata kuagiza chakula dirishani, ndiye nilikuwa mdomo wa nyumba na wa majirani. Nilipigia simu maofisi huku jasho linanitoka kwapani. Sikuchukia kuwasaidia. Nilichoka kutazamwa nikisaidia.

Basi nilichotaka ni kimoja: joto chumbani kwangu, na mlango umefungwa. Naandika hivi ili ijulikane kwamba haikuwa sababu kubwa.

Mwezi wa Juni hita ilianza kulipuka kidogo ilipowashwa, puu, kama mtu anayekohoa mara moja. Ajenti wa nyumba akaleta fundi Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa kazini, baba amelala baada ya zamu. Tulikuwa Koko na mimi.

Fundi alikuwa mzee kidogo, mzungu, ana tumbo na sauti ya chini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo tu Koko alishampenda. Alifungua hita, akasafisha, akaingiza kifaa cha kupima hewa, akasubiri, akasoma namba, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akanieleza, polepole, mezani jikoni.

Alisema hita imezeeka lakini ni nzima. Hewa aliyopima ni safi, bomba la moshi linavuta vizuri. Angeweza kubadilisha kipuri kimoja na kuja kuikagua kila mwaka. Au, kwa kuwa mwenye nyumba amekubali lolote kati ya hayo mawili, angeweza kuiondoa na kufunga pampu ya joto, ile mashine ya ukutani ambayo wakati wa joto inapoza. Nikamuuliza inapashaje bila kuchoma kitu. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwa hiari mwaka huu. Akafurahi. Akasema ni friji iliyogeuzwa: friji inatoa joto ndani ya sanduku na kulitupa jikoni, hii inakusanya joto nje, hata hewa ikiwa ya baridi bado ina joto ndani yake, na kulileta ndani. Kwa kuwa hailitengenezi joto bali inalibeba tu, umeme inaokula ni mdogo kuliko joto inalotoa. Gesi lazima uichome ndiyo ikupe kitu, na malipo ya laini yake yanaendelea hata usipoiwasha.

"Lakini," alisema, "gesi inakupasha pale ulipokaa. Mifupa ya wazee inaipenda. Hii nyingine inapasha chumba, haimpashi mtu. Nikiifunga kuitazama korido, joto litafika hadi vyumbani. Muulize bibi yako. Kama anapenda moto wake, nitautengeneza, hakuna tatizo."

Hayo ndiyo maneno yake, nayakumbuka yote. Nilisikia "hadi vyumbani" nikaacha kusikia mengine.

"Anasema nini?" Koko aliuliza.

Nilianza vizuri. Nilimweleza friji, nilimweleza korido. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye mto wake, kisha akauliza, "Hiyo ingine, iko na moto?"

"Haina moto, Koko. Inatoa upepo wa joto."

"Upepo." Alilisema kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. "Mwambie atengeneze mbabula yangu. Mimi nimezoea kukiona kinachonipasha."

Hapo palikuwa mwisho wa habari. Kwetu mtoto hambishii mzee. Hata mama hambishii. Lakini mzee naye habishani na fundi, hasa fundi aliyevua viatu. Hilo nililijua, na sikufikiria hata dakika.

"Koko, fundi amepima," nikasema. "Anasema gesi ina hewa mbaya. Amekataa isiwashwe tena."

Sasa niseme nilichokijua nikisema hivyo, maana bila hicho ungekuwa uongo wa kawaida. Koko alikuwa na mdogo wake wa kike. Msimu mmoja wa mvua, kabla mama hajazaliwa, huyo mdogo aliingiza mbabula chumbani ili watoto wasipate baridi, akafunga mlango na dirisha. Asubuhi hakuamka. Watoto waliamka, yeye hakuamka, kwa kuwa ndiye aliyelala karibu na makaa. Hewa mbaya, ndivyo Koko anavyosema, na akiyasema maneno hayo mawili hushusha sauti. Nimeisikia habari hiyo mbele ya moto ule ule mara nyingi. Nilijua ninagusa wapi.

Koko aliweka kiganja juu ya hita, ambayo ilikuwa baridi, akakiacha pale. "Na watoto wamelala hapa miaka yote," alisema. Akamtazama fundi. Fundi, ambaye hakuelewa neno, akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akifanya tangu aingie. Koko akainuka kwa shida, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, papa. Aksanti sana."

"Amefurahi, eh?" fundi akaniambia.

Nikasema ndiyo. Nikamwambia amechagua pampu.

Jioni mama aliporudi nilimwambia vile vile, fundi amekataa. Akasema vizuri, labda na bili itashuka. Wiki iliyofuata hita ikang'olewa, tundu likazibwa kwa ubao mweupe, na sanduku jeupe likatundikwa juu ukutani.

Sitaisema vibaya mashine yenyewe. Ni nzuri. Inanong'ona tu, bili ilishuka kweli, na baba akitoka zamu anaikuta nyumba nzima ina joto. Kama ningekuwa naandika insha ya shule ya kulinganisha hizo mbili, ningeipa pampu ushindi na ningepata alama. Ila joto la mashine ile haliko mahali popote. Liko kila mahali, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaa hapa badala ya pale. Baada ya wiki mbili mama alikuwa anapumzika chumbani kwake na mdogo wangu chumbani kwake. Na mimi? Joto la korido lilifika chumbani kwangu mlango ukiwa wazi tu. Nikiufunga, ndani ya robo saa pumzi yangu inaonekana tena. Basi nilikaa mlango wazi, kila apitaye ananiona, na kutoka kitandani kwangu nilimwona Koko peke yake sebuleni, amehamisha mto wake mara tatu.

"Kichwa changu kiko Uvira," aliniambia, "magoti yamebaki Bukavu."

Alicheka mwenyewe. Uvira ni joto, Bukavu ni baridi, kila Mkongo wa huko anajua. Mchana tukiwa shule na kazini aliizima, kwa kuwa rimoti ina picha ya jua na picha ya theluji na aliogopa kukosea. Akavaa koti la baba. Kulalamika hakulalamika. Mtu aliyeokolewa na kifo halalamiki.

Wamama wa Jumatano bado walikuja. Lakini moto ukiwa haupo hawakujua wakae wapi, wakajipanga kwenye viti vya ukutani, magoti pamoja, mikoba mapajani, kama wagonjwa wanaongoja zamu.

"Daktari ametoka?" mmoja aliuliza. Wakacheka, kidogo tu.

Jumapili moja ya Julai Koko akainua mkono kanisani kuomba kutoa ushuhuda. Tunaabudu katika ukumbi wa shule uliokodishwa, na mchungaji alishaniteua kuwa mkalimani wa Kiingereza, kwa ajili ya wageni na watoto wasiofuata Kiswahili. Huwa nasimama kando ya msemaji na maikrofoni ya pili, nikitazama mistari ya uwanja wa basketi sakafuni.

Koko alisema Mungu alimtuma fundi nyumbani kwake. Nikatafsiri. Alisema fundi alipima akakuta hewa mbaya, akaukataa moto. Nikatafsiri. Kisha akashusha sauti. "Kwa mdogo wangu Mungu alikawia. Miaka mingi nimemuuliza kwa nini, hakunijibu. Mwaka huu amenijibu. Kwa wajukuu wangu hakukawia." Watu wakasema amina, mama mmoja akaanza kulia. Nilikuwa nimechelewa. Watoto wa safu ya mbele walikuwa wananitazama, wanangoja Kiingereza chao. Nikawapa. Nilisema yote, na sauti yangu haikutetemeka, na mchungaji alinipongeza baadaye kwa hilo.

Kati ya waliosema amina alikuwemo rafiki mkubwa wa Koko, ambaye sisi watoto tunamwita Koko wa Penrith kwa kuwa anakaa huko. Ni mjane, anaishi peke yake katika nyumba ndogo ya serikali. Mwezi wa Agosti aliacha kuja Jumatano. Mara ya tatu asipoonekana, Koko akanifungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye bakuli la plastiki, akanituma nimpelekee kwa treni.

Alinifungulia mlango akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu. Ndani kulikuwa baridi kuliko nje. Ukutani palikuwa na hita ya gesi, ndugu ya ile yetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake Biblia na maua ya plastiki.

"Hita imeharibika, Koko?" nikauliza.

"Haijaharibika. Tangu ule ushuhuda sijaiwasha. Kama fundi alikataa ya kwenu, yangu si ni ile ile?" Akakohoa, akajifunga vizuri. "Mungu akimwonya jirani yako, na wewe umeonywa. Mchana nakaa kitandani, ni sawa tu. Umekuja na sombe?"

Nilisimama na bakuli mkononi. Jambo la ajabu ni kwamba sikuamua kusema. Neno lilitoka tu, bila kutengenezwa, la kwanza kutoka benki.

"Fundi hakukataa. Alisema moto ni mzima. Mimi ndiye niliyesema amekataa."

Hakukasirika. Akachukua bakuli, akaliweka juu ya meza, akarudi.

"Koko wako anajua?"

"Hajui."

"Basi usinitubie mimi. Ushuhuda ni wake. Akiniambia yeye niwashe, nitawasha. Asiponiambia, nitakaa hivi."

"Lakini utaugua."

"Basi fanya haraka, mjukuu."

Kwenye treni nilijaribu kupanga maneno na kila nilivyoyapanga yalikuwa ya mtu mwingine. Nyumbani Koko alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikakaa mbele yake nikamwambia yote: alichosema fundi, nilichosema mimi, chumba changu, mlango, makoti mawili ya Penrith. Nilidhani atauliza juu ya moto wake. Hakuugusa kabisa. Mikono yake iliendelea na maharage, hili zima, hili bovu, mpaka yakaisha. Ndipo aliponiuliza swali moja.

"Na mdogo wangu, ulimkumbuka uliposema?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nilimkumbuka," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. "Kumbe bado hajanijibu," alisema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hazungumzi juu yangu tena.

Alimpigia simu rafiki yake siku hiyo hiyo, lakini kwanza akamwamuru aombe ofisi ya nyumba ilete fundi apime. "Fundi wa kwako, na umuulize mwenyewe, hata kwa vidole." Fundi alipima, hewa ilikuwa safi, moto ukawashwa.

Jumapili iliyofuata Koko akainua mkono tena. Nilimwambia mchungaji naumwa koo, Koko akanisikia. "Atatafsiri," alisema. "Ndiyo kazi yake."

Nilisimama pale pale kwenye mistari ya basketi. Nilijua atakachosema, na nilikuwa nimeshajiandaa kusikia neno mjukuu.

"Nilisema fundi aliukataa moto," Koko alisema. "Hakuukataa. Fundi ni mtu wa kweli, msimhesabie uongo. Mimi sikuuliza vizuri. Nilikuwa na hamu sana ya kujibiwa, nikashika jibu lisilokuwa langu. Waliozima moto wao kwa ajili yangu, waite fundi, wapimiwe, wawashe. Na Mungu anisamehe, nilimsemea."

Akashusha maikrofoni. Ukumbi wote ulikuwa unanisubiri. Nilikuwa na nafasi, maikrofoni mkononi, lugha ambayo yeye haielewi. Ningeweza kuongeza sentensi moja kwa Kiingereza, kwamba aliuliza vizuri sana, kwamba ni mimi. Badala yake nilitafsiri neno kwa neno. Sikuacha kitu, sikuongeza kitu. Katika tafsiri zote nilizowahi kufanya hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi kabisa, na ilikuwa ya kunificha mimi.

Sasa Jumatano wamama hukutana Penrith. Koko huvaa koti lake jipya na kwenda kwa treni. Vituo ameshavihesabu, hanihitaji. Mama hajui kilichotokea, nami sijamwambia. Nikitoka shule sebule ina joto la kutosha na haina mtu. Hakuna wa kunipa barua. Naenda chumbani, naacha mlango wazi kwa ajili ya joto, na kutoka kitandani nauona mto wake, upande wa kushoto wa ubao mweupe, umekaa vile alivyouacha.